Badilisheni pedi za hedifoni jamani: maneno niliyowaambia watu wa sauti hapa Kampala

(Nilizungumza haya mbele ya watangazaji, madijei, wakalimani na vijana wa kurekodi. Nimeandika karibu kama nilivyosema, na maswali yaliyoulizwa mwishoni nimeyaacha humo humo.)

Habari za mchana jamani. Wazee wetu wa redio shikamooni, kaka zangu na dada zangu, ssebo na nnyabo nyote mlioacha kazi zenu mkaja, itifaki imezingatiwa, naomba niingie kwenye mada moja kwa moja manake najua wengine mna kipindi jioni na njia ya kurudi ina jam.

Kila aliyekuja na hedifoni naomba aitoe kwenye begi. Usivae, shika tu mkononi, geuza ule upande unaokaa sikioni uuangalie. Bonyeza pedi kwa kidole gumba alafu achia. Ikijaa tena yenyewe, hongera. Ikibaki na shimo la kidole, sponji imekufa. Sasa pitisha ukucha taratibu kwenye reksini, ile ngozi ya bandia iliyofunika sponji, hasa pale kwenye mshono na ile sehemu ya chini inayogusana na taya, ukiona imepasuka vijistari au vijiganda vyeusi vinabaki kwenye ukucha, hiyo pedi ilishaisha zamani na wewe bado unaifanyia kazi. Naona watu wanacheka pale nyuma. Ndo hivyo hivyo vijiganda mnavyovikuta kwenye kola ya shati na nyuma ya masikio mkifika nyumbani.

Watu wengi, hata waliokaa studio miaka mingi, wanaichukulia pedi kama mto tu, kitu cha raha ya sikio, kwa hiyo ikichakaa wanavumilia kwa sababu "si bado inafanya kazi". Hapo ndo nataka tuelewane leo. Pedi ni sehemu ya chombo. Waliotengeneza hiyo hedifoni walipima sauti yake pedi ikiwa mahali pake, ya unene ule, ya ngozi ile, yenye tundu la ukubwa ule, na wewe ukiiacha isinyae au ukaipachika yoyote uliyoikuta dukani, unachosikiliza sio tena ile hedifoni uliyonunua. Ni nyingine, na hujui tabia yake.

Nieleze inavyofanya kazi, sitawachosha. Ndani ya kikombe cha hedifoni kuna spika ndogo, nyingi za studio zina upana wa milimita 40 mpaka 50 hivi, na ina utando mwembamba sana unaotikisika. Sasa kispika cha namna hiyo kitatoaje besi? Spika za harusi zinasukuma hewa ya ukumbi mzima, hiki hakina nguvu hiyo na wala hakihitaji. Kinachosukumwa ni kile kihewa kidogo kilichofungiwa kati ya utando na ngoma ya sikio lako. Hewa ikiwa imefungiwa vizuri, utando ukisogea kidogo tu presha inapanda na kushuka pale pale, na wewe unasikia besi nzito kabisa. Pakiwa na upenyo hewa inatoroka kabla presha haijapanda, ni kama pampu ya baiskeli ambayo ngozi yake ya ndani imekauka, unasukuma wee, mkono unachoka, tairi halijai.

Na sasa sikilizeni hii manake ndo kiini chenyewe: upenyo hauli sauti zote. Sauti nyembamba zinatikisika maelfu ya mara kwa sekunde, hewa haipati muda wa kukimbia. Besi inaenda na kurudi mara 40, mara 60, mara 100 kwa sekunde, hapo hewa ina muda wa kutosha wa kutoka. Kwa hiyo hedifoni inayovuja inakula chini tu, juu kunabaki vile vile au kunaonekana kumezidi, na kadiri upenyo unavyokua ndivyo ulaji unavyopanda, kutoka kwenye besi mpaka unaigusa sauti ya mwanaume anayeongea, ambayo mzizi wake upo pale mara 85 mpaka 180 kwa sekunde.

Watangazaji, hiyo ni yenu. Umevaa hedifoni iliyochakaa, unajisikia sauti yako imekonda, unafanya nini? Unaisogelea maiki. Na maiki nyingi za studio ukizisogelea zinaongeza besi zenyewe, ndivyo zilivyo, kwa hiyo wewe masikioni unaridhika unasema ehee sauti imekaa, lakini msikilizaji kule Masaka anapata mngurumo, na kila ukitamka P au B spika yake inapuliza. Kosa lilianzia kwenye pedi, ila hakuna atakayeitazama pedi, watalaumu maiki na fundi mitambo.

Tusizungumze tu, tusikie. Pale mezani nimeweka hedifoni mbili za modeli moja, moja ina pedi mpya, nyingine nimeiachia zake za zamani. Rekodi ni ya baakisimba, zile ngoma za Kiganda, nimeichagua kwa sababu wengi humu mnazijua kwa masikio bila kufundishwa. Njoo kaka, wewe mwenye kofia, njoo. Vaa hii ya zamani. Unaisikia engalabi, ile ngoma ndefu? Anasema kali kabisa, ipo hapa hapa. Na empuunyi, ile inayopiga mapigo mazito kwa nyuma? Anasema iko mbali, kama inapigwa nyumba ya jirani. Sawa. Usiivue, weka viganja juu ya vikombe viwili sukuma taratibu kuelekea kichwani. Mnamwona uso wake? Empuunyi imerudi. Sijagusa volyumu, sijagusa miksa, ameziba tu njia ya hewa kwa mikono yake mwenyewe. Asante kaka, jaribu na ile mpya uwaambie wenzako ukikaa.

Hicho ndo kipimo chenu na hakina gharama. Weka wimbo wenye besi unaoujua vizuri, vaa hedifoni kama kawaida yako, alafu sukuma vikombe kwa viganja. Hata hedifoni nzima inabadilika kidogo ukiisukuma, hilo ni kawaida, lakini ikiwa besi inaingia ghafla kama kuna mtu amewasha sabufa, ujue hewa inavuja. Fanya na upande mmoja mmoja pia. Mara nyingi pedi moja inakufa kabla ya mwenzake, hasa kwa madijei wanaoinua upande mmoja usiku kucha, na hapo utasikia besi imehamia upande wenye pedi nzima na ukimiksi utaanza kurekebisha balansi ambayo haina shida yoyote. Kwa hiyo pedi zinabadilishwa mbili kwa pamoja siku zote. Kubadilisha moja ukaacha nyingine ni kujitafutia matatizo mapya.

Kuna kijana nafanya naye kazi, anatengeneza matangazo ya redio, masikio mazuri kabisa. Matangazo yake yakaanza kurudishwa, wateja wanalalamika yanavuma, kwenye spika za teksi maneno hayashikiki. Akashuku kompyuta, akabadilisha waya, akaazima kadi ya sauti ya rafiki yake, akaanza mpaka kujishuku masikio. Nilipoishika hedifoni yake pedi zilikuwa zimebaki kitambaa tu, reksini yote imebanduka, na nyie mnajua kile kitambaa cha chini kinavyopitisha hewa. Yeye anasikia besi ndogo, anaiongeza, anahisi bado, anaongeza tena, kumbe kwenye faili besi ilishajaa siku nyingi. Alipoweka pedi mpya akafungua kazi zake za miezi ya nyuma, hakuweza kumaliza kusikiliza hata moja. Ukweli kazi yake ilikuwa nzuri, dirisha tu ndo lilikuwa chafu, na mimi iliniuma sana kuona mtu anapoteza wateja kwa kitu cha bei ndogo hivyo.

Mtu atasema, si naongeza besi kwenye ikwalaiza inakuwa imeisha? Haiishi. Kwanza uvujaji haukai sawa, ukigeuza kichwa, ukitabasamu, ukitafuna, taya linasogea na upenyo unabadilika, kwa hiyo besi yako inapanda na kushuka kila dakika na hakuna namba ya ikwalaiza itakayolifuata taya lako. Pili unakilazimisha kile kispika kisogee mbali kuliko uwezo wake na sauti inaanza kukwaruza. Ziba kwanza, ikwalaiza baadaye.

Kwa nini pedi zinakufa? Reksini nyingi za hedifoni zimetengenezwa kwa plastiki inayoitwa poliyurethani, na adui wa hiyo plastiki ni maji, sio maji ya kumwagika tu, hata mvuke uliomo hewani. Unyevu unaingia taratibu unakata minyororo ya plastiki yenyewe, joto linaharakisha, jasho na mafuta ya nywele vinaharakisha zaidi, mwisho inapasuka na kubanduka vijiganda. Sasa angalieni tunapoishi, ziwa hili hapa, misimu miwili ya mvua, studio nyingi hazina eyasii na zile zenye nayo umeme ukikatika inazima. Pedi inayokaa miaka mingi kwenye nchi kavu na baridi, huku kwetu tusiidai umri huo. Na kitu wengi hawakijui, inakufa hata ukiwa huitumii. Umeinunua, umeiweka kabatini ikiwa mpya kwenye boksi ili usiichakaze, miaka ikipita unaifungua unakuta inabanduka mkononi. Kwa hiyo msiniwekee stoo ya pedi za akiba za miaka kumi, nunua za kutosha kwa sasa. Na tafadhali usiifunge hedifoni kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, baada ya kipindi ikiwa bado na jasho, unaufungia unyevu humo humo. Iache wazi ipate hewa, ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Spirit na sanitaiza kwenye reksini ni kuiua haraka, najua wakati wa korona tulifanya hivyo wote na palikuwa na sababu, lakini sasa studio yenye watangazaji wengi ni bora kila mtu awe na pedi zake mwenyewe, jina limeandikwa kwa ndani, unavua za mwenzako unaweka zako. Ni usafi na ni sauti kwa wakati mmoja.

Sponji nayo ina kifo chake, hicho ni kingine. Reksini inaweza kuonekana nzima kabisa inang'aa lakini sponji ndani imelala. Pedi ikilala, sikio linasogea karibu na spika, saa ingine ncha ya sikio inagusa kabisa kile kitambaa cha ndani, na baada ya saa moja inauma. Mbali na maumivu, umbali kati ya spika na sikio ukibadilika sauti za kati na za juu zinabadilika, manake zile sauti nyembamba zinagonga sikio kwa pembe nyingine na zinarudi rudi ndani ya kikombe kwa njia nyingine. Haina kanuni moja kwamba itakuwa kali au itafifia, inategemea hedifoni. Ila haitabaki ilivyokuwa. Na kwa kuwa inatokea taratibu mno, masikio yako yanazoea kila siku kidogo kidogo na wewe unaamini ni ile ile. Mimi nadhani hata zile stori za watu kusema hedifoni yangu imelainika sasa, imezoea, mara nyingi kilicholainika ni sponji.

Sasa za kununua. Wengi humu mna Sony MDR-7506, ilitoka 1991 na bado ipo kila redio, ni chombo cha kuaminika, lakini pedi zake ni nyembamba na zinabanduka mapema, kila aliyeimiliki anajua. Audio-Technica ATH-M50x ya 2014 naiona kwa vijana wa nyumbani. Madijei wengi ni Sennheiser HD 25, hiyo ipo toka 1988, na Beyerdynamic DT 770 toka miaka ya 1980. Hizi zote nimezitaja makusudi kwa sababu pedi zake zinavulika kwa mkono na zinauzwa peke yake. Ukienda kununua hedifoni ya kazi, hilo liwe swali la kwanza kumuuliza muuzaji, pedi zake zinapatikana? Kama zimegandishwa kwa gundi na hakuna za kubadilisha, mimi sikushauri, hata kama sauti ni tamu leo.

Ukitaka sauti ile ile uliyoizoea, nunua za kampuni yenyewe. Zinauma bei kidogo, lakini ukilinganisha na hedifoni mpya ni kitu kidogo sana. Zile za makampuni mengine sio mbaya, kuna nzuri kweli, ila jua unabadilisha sauti na ujue unaelekea wapi. Reksini na ngozi halisi hazipitishi hewa, zinashika besi, ila zina joto. Kitambaa cha manyoya mafupi, ile velveti, kinapumua, ni raha kwa hali ya hewa yetu na hakibanduki, lakini kinapitisha hewa kidogo na besi inapungua kidogo, na kinameza baadhi ya zile sauti nyembamba zinazorudi rudi. Kuna watu wa 7506 wanaoweka velveti za Beyerdynamic EDT 250, zinaingia na wanazipenda mno kwa raha yake, sawa, mimi pia nazipenda kwa kusikiliza, ila kwa kumiksi besi lazima ujizoeze upya. Na kinyume chake, DT 770 nyingi zimetengenezwa zikiwa na velveti kwenye hesabu, ukizivika ngozi nene usishangae zikivimba chini. M50x wengi wanaiwekea zile nene za mviringo mrefu za Brainwavz, sikio linapata nafasi, sauti inapanuka, besi inashuka. Sio mbaya. Ni hedifoni nyingine, nimeshasema.

Tundu nalo mliangalie. Tundu dogo linakanyaga sikio, tundu kubwa kuliko kikombe linaacha mwanya. Na kama pedi ina upande mnene na upande mwembamba, mnene unakaa nyuma ya sikio, nimeona zimewekwa kinyume studio nzima.

Niongee kidogo kuhusu mafundi wetu manake najua mnalisubiri hilo. Hapa mjini fundi cherehani mzuri, au wale wanaoshona viti vya magari, anaweza kukushonea pedi, na mimi siwazuii, ninawaheshimu sana, Katwe kuna mikono inayotengeneza vitu ambavyo huwezi kuamini. Lakini mpelekee maelekezo, usimwachie akisie. Reksini ya sofa na ya viti vya gari ni nene na ngumu, haifuati umbo la taya, kwa hiyo inavuja hata ikiwa mpya na inapendeza machoni. Tafuta ile nyembamba laini ya mikoba ya kina dada. Sponji iwe ile nzito inayorudi polepole ukiibonyeza, na zote mbili zikatwe kwenye kipande kimoja ili kulia na kushoto ziwe sawa. Na ule ukuta wa ndani unaozunguka sikio, mwambie asiufunike na reksini kama pedi zako za asili hazikufunikwa hapo, auache kitambaa chepesi, manake ile sponji iliyo wazi inameza sauti zinazogonga gonga humo ndani. Mpe pedi ya zamani kama mfano, pima unene ilivyokuwa mpya sio ilivyolala. Ukifanya hivyo utapata kitu cha kuvaa kwa heshima. Kwa kazi ya kumiksi bado nitakuambia tafuta za kampuni, ila kwa mtangazaji au mkalimani inatosha kabisa.

Kuziweka ni dakika chache, naomba nioneshe. Nyingi zina mdomo wa reksini unaonyooka na kuingia kwenye mfereji unaozunguka kikombe. Za zamani unavuta taratibu kwa vidole, usiingize bisibisi, nyuma yake pale kuna utando mwembamba mno na ukiutoboa hedifoni imekwisha. Ukishavua utaona kijisponji chembamba cha duara au kitambaa juu ya spika. USIKITUPE. Nacho ni sehemu ya sauti, kinatuliza sauti za juu, watu wanakitupa wakidhani ni uchafu alafu wanashangaa hedifoni imekuwa inachoma masikio. Kama kimeoza, tafuta kingine cha aina yake. Sasa pedi mpya, ingiza mdomo sehemu moja kwanza uushikilie kwa kidole gumba, alafu zungusha ukivuta kidogo kidogo, ukikwama sukumia kwa kona ya kadi ya simu ya plastiki. Zingine kama Sennheiser HD 600 zinabanwa kwa vijino, unasukuma zinalia ta. AKG K702 unazungusha. Ukimaliza pitisha kidole mzunguko mzima, kama mdomo umetoka mahali hata padogo, hewa itapita hapo hapo na utakuwa umenunua bure.

Wenye hizi za kuzima kelele, za Bose, za Sony na nyinginezo, kwenu pedi ni muhimu mara mbili. Ndani ya kikombe kuna maiki inasikiliza kelele inayoingia ili itengeneze sauti ya kuipinga, na inafanya kazi zaidi kwenye kelele nzito za chini, kama jenereta. Pedi ikivuja jenereta inaingia nyingi kuliko hesabu yake, na nguvu ya kuipinga inatoka nje pia. Kabla hujasema betri imechoka au programu mpya imeharibu, angalia pedi.

Na hapa niwaombe kitu kwa moyo kabisa. Hedifoni ikivuja, kelele ya nje inaingia na besi inatoka, na mkono wako bila kufikiri unaenda kwenye volyumu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi desibeli 80, desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 40 za wiki. Ukifika 90 unabakiwa na saa 4 tu, kwa wiki nzima. Na kila desibeli 3 ukiongeza, muda unakatwa nusu. Mtangazaji wa asubuhi wa kila siku, mkalimani anayekaa kibandani mkutano mzima, kijana wa kituo cha simu anayepokea wateja zamu nzima, dijei wa wikendi, hao wote wanaishi ndani ya hizo namba wajue wasijue. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena, hakuna fundi wa hilo, si Katwe si hospitali ya Mulago. Kuna wazee wa redio waliotulea toka redio za binafsi zilipoanza hapa miaka ya 1990 ambao leo ukiongea nao lazima uwe upande mmoja. Sisemi ni pedi peke yake. Nasema pedi nzima inakuruhusu kupunguza, na mimi nataka nyie mupunguze.

Maswali. Dada pale ameuliza kuhusu miwani, na mwenzake kuhusu rasta na hijabu.

Swali zuri, na linawahusu nusu ya watu humu. Mkono wa miwani unapita chini ya pedi unaacha mfereji wa hewa, besi inapungua hata kama pedi ni mpya kabisa. Chagua fremu yenye mikono myembamba, na pedi yenye sponji laini nzito inayoweza kuuzunguka ule mkono, hapo reksini ngumu ya bei rahisi inashindwa na pedi nzuri inashinda waziwazi. Rasta na nywele za kusuka, zisukume zirudi nyuma ya sikio pedi iguse ngozi, nyuma na chini ya sikio ndo panapovuja zaidi. Kwa hijabu, dada, kitambaa chepesi cha safu moja kinavuja kidogo, safu mbili tatu zinavuja sana, wengi ninaofanya nao kazi wanavaa hedifoni kwanza alafu mtandio juu yake, na waya unapita kwa ndani, inakaa vizuri. Na kama huwezi, basi kwa kumiksi besi tumia zile za kuingia tundu la sikio, hizo zinaziba kwenye tundu lenyewe na kitambaa hakizihusu.

Kaka wa mwisho ameuliza zile soksi za kitambaa zinazovalishwa juu ya pedi iliyobanduka. Kwa usafi zinasaidia, vijiganda havikuangukii. Lakini hazizibi, hewa inapita kwenye uzi kama kawaida, na juu ya pedi ambayo bado ni nzima zinaweza kuanzisha uvujaji ambao haukuwepo. Ivalishe leo ukiwa hewani, kesho uende ukatafute pedi.